Debe la Tatu la Paskalina

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za chumba cha kompyuta, pamoja na tupa tatu, keekee moja ya mkono na boksi la springi za taipureta ambazo hakuna hata mmoja wenu atakayezihitaji. Mmeniambia, ninyi walimu wapya wa kituo hiki cha mafunzo, niandike nilivyofanya kazi miaka yote hii. Kuhusu vyeo sina la kuandika: nilianza naitwa fundi, nimemaliza naitwa mwalimu, na katikati hapo hakuna aliyenipa barua. Mshahara mnaujua. Nitaandika mambo ambayo hayamo kwenye faili langu, na hasa kosa moja, kwa sababu kosa hilo mnaweza kulifanya kesho asubuhi mkiwa na nia njema kabisa.

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani Mbulu. Kaka yangu ndiye aliyekuwa na moyo wa shamba na ng'ombe, mimi sikuwa nao, basi nikapelekwa kwa Mzee Idi. Huyu alikuwa fundi wa taipureta za ofisi zote za wilaya. Ndugu zake walikuwa na maduka Dongobesh. Yeye peke yake alichagua tupa na bisibisi, akapewa chumba kidogo nyuma ya masjala, chenye dirisha moja na baridi ya kutosha watu wanne.

Siku ya kwanza alinipa mashine iliyokuwa ikiruka nafasi katikati ya neno. Niliihangaikia hadi mchana, nikaona imekaa sawa, nikachomeka karatasi niandike jina langu kuijaribu. Mzee Idi akanigonga kidole kwa mpini wa brashi.

"Mashine ni ya nani, Boay?"

"Ya mama wa masjala, mzee."

"Basi nenda kamwite."

"Si nijaribu kwanza nione kama imepona?"

"Ukijaribu wewe itapona kwa mkono wako. Yeye ana mkono wake. Kamwite aandike, wewe weka mikono nyuma usikilize."

Mama wa masjala akaja, akaandika mistari mitatu, na mashine ikaruka nafasi vilevile. Alikuwa na kidole gumba kizito. Alipiga kile kitufe kirefu cha chini kama anaua inzi. Kidole changu kisingegundua hilo hata kwa mwaka mzima. Kwa miaka yote niliyokaa na Mzee Idi, hicho ndicho alichonifundisha zaidi ya vyote: fundi haandiki. Anayeandika ni mwenye mashine, na fundi anasimama nyuma yake anasikiliza. Nililijua jambo hilo vizuri kiasi kwamba niliacha kulifikiria, na nadhani hapo ndipo nilipolipoteza.

Kisha yakaja mabadiliko. Biashara ikafunguliwa, madukani vikaanza kuonekana vitu tulivyokuwa tukivisikia redioni tu, na serikalini watu wakaanza kupunguzwa. Mzee Idi akastaafu, mimi nikapunguzwa. Alinipa zile tupa tatu na hotuba fupi: "Zipake mafuta." Nililima maharage miaka miwili, vibaya, na kutengeneza redio, vizuri kidogo.

Kituo hiki kilipoanza kilikuwa na chumba cha kufuma masweta, karakana ya useremala, na kompyuta sita zilizotumika zilizoletwa kwenye makasha pamoja na nguo. Walikuwa wanatafuta mtu anayejua kibodi. Mimi nilizijua kutoka upande wa chini, upande wenye vumbi, na hilo likaonekana linatosha. Kompyuta zenyewe nilijifunza kwa kitabu kimoja cha BASIC, lugha ya kuandikia programu, kilichokuwa kimenyofoka kurasa za mwanzo. Nilianzia sura ya tatu. Hadi leo sijui sura ya kwanza ilisema nini, na nimestaafu salama.

Ninyi mlioanza juzi hamkuiona BASIC ile. Kila mstari wa programu ulikuwa na namba yake: kumi, ishirini, thelathini. Ukikosea mstari wa arobaini, unaandika upya arobaini peke yake, na mashine inautupa ule wa zamani. Kwa mtu ambaye kila herufi inamgharimu jasho, ulikuwa mpangilio wa huruma kuliko mingi iliyokuja baadaye.

Mtu huyo aliletwa na shangazi yake, Mama Fausta, aliyekuwa akiuza mboga sokoni hapa Mbulu. Aliitwa Paskalina. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa wakulima wa Endasak, kwenye miteremko ya Hanang, na alizaliwa na mtindio wa ubongo. Alitembea kwa fimbo, aliongea polepole, na mikono yake ilikwenda kwanza ilikotaka yenyewe ndipo ikaenda alikotaka yeye. Alimaliza darasa la saba, lakini mtihani wa mwisho aliufanya nusu. Muda uliisha kabla ya mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kufuma?" Niliuliza hivyo kwa sababu kamati ya kituo ilikuwa na desturi ya kumpeleka kila mwenye ulemavu kwenye chumba cha kufuma.

Akainua mikono yake nikaiona inavyocheza. "Kwa mikono hii, mwalimu, na zile sindano? Nitamtoboa mtu jicho."

Mama Fausta akacheka, halafu akajikaza kwa sababu tulikuwa ofisini. "Kamati wamesema kufuma," akanieleza. "Yeye anasema anataka mashine zinazofikiri."

"Hazifikiri," nikasema.

"Basi nitazifikiria mimi," Paskalina akajibu.

Kamati ilimkubalia kwa sharti. Akae na mimi mpaka atengeneze kitu chake mwenyewe ambacho mtu wa nje anaweza kukitumia. Akishindwa, kiti chake kiko chumba cha kufuma, na kompyuta apewe mtu mwingine. Kufuma kunadai vidole kuliko kompyuta, lakini hilo halikuzungumzwa kwenye kikao. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo binti huyu alikuwa anagombania nini: kiti kimoja, mbele ya mashine moja kati ya sita.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba mkono wake ukielekea herufi moja ulizizoa tano. Nikakumbuka taipureta moja ya zamani iliyokuwa na bamba juu ya vitufe. Nilichukua kipande cha plastiki ngumu, nikakitoboa tundu juu ya kila kitufe, nikakifunga juu ya kibodi kwa skrubu nne. Mkono unaweza kupumzika juu ya bamba, hata kuliegemea, na hakuna kinachoandikwa mpaka kidole kiingie tunduni. Nilijisifu sana. Siku ya kwanza tu kilimchuna ngozi ya kidole, kwa sababu matundu niliyapima kwa kidole changu mwenyewe na kingo sikuzisugua.

"Mwalimu," akasema huku ananyonya kidole, "hiki umemtengenezea nani?"

Nikakipeleka tena kwenye tupa. Safari hii nilimwita, nikamwambia aweke kidole, nikapanua tundu moja moja mpaka aliposema basi. Mzee Idi angekuwepo angenigonga kwa brashi.

Tatizo la pili lilikuwa kushika vitufe viwili kwa pamoja, kile cha Shift, cha herufi kubwa na alama, pamoja na kile cha herufi yenyewe. Nilitumia wiki tatu kutengeneza wenzo wenye springi ya taipureta wa kukikandamiza kimoja. Baadaye zilipokuja mashine mpya tukagundua kwamba ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta yenyewe inakubali kupokea vitufe kimoja kimoja. Wiki tatu za tupa dhidi ya mibonyezo mitano. Ule wenzo ninao bado nyumbani, unashikilia dirisha.

La tatu lilikuwa baridi. Mnajua Mbulu asubuhi ilivyo. Misuli yake ilikaza kama kamba iliyonyeshewa. Tukahamisha kipindi chake kutoka saa mbili hadi saa nne, tukawasha jiko la mkaa mlangoni, na kwanza ashike kikombe cha uji wa moto mpaka vidole vifunguke. Sijaona kitabu kinachoandika uji kama kifaa cha kufundishia programu, lakini mimi nauandika hapa.

Kichwa chake hakikuhitaji jiko. Nilifundisha kupanga orodha, ya kwanza hadi ya mwisho, na kila darasa linakwama mahali pamoja: kubadilishana nafasi kwa vitu viwili. BASIC ilikuwa na neno moja la kufanya kazi hiyo, lakini sikulitoa mapema, nilitaka kwanza waelewe. Niliwaambia, una debe la mahindi na debe la maharage, unataka mahindi yaingie debe la maharage na maharage yaingie debe la mahindi. Utafanyaje? Wanafunzi wengi walianza kumimina. Paskalina akasema, "Nitaazima debe la tatu kwa jirani. Lakini liwe tupu, maana jirani naye ana mambo yake." Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyesahau debe la tatu, ile nafasi tupu ya kuhifadhi kitu kimoja wakati kingine kinahama.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mikono yake ilirudia herufi. Neno PRINT lilitoka na I tatu. Mashine inakataa, anaandika upya, linatoka na N mbili. Nilimwona akimaliza saa nzima kwa mistari minne, na shati limelowa. Alipoondoka jioni na shangazi yake, disketi yake ilibaki kwangu kabatini. Siku moja niliifungua, nikafuta I mbili za ziada. Hizo tu. Nani ataumia kwa I mbili? Kesho yake nikafuta nyingine. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa sifuti herufi tu. Nilikuwa naweka mistari aliyoisahau na kunyoosha hesabu iliyopinda. Wageni waliofadhili kituo walikuja, wakasimama nyuma yake, programu ikaenda bila kukwama hata mara moja, wakanipa mkono mimi. Niliupokea.

Nimejiambia kwa muda mrefu kwamba nilimhurumia. Ni kweli, nilimhurumia. Lakini huruma hiyo ilinipa sifa, na sikuwahi kumwambia. Mtu anayefanya wema halafu anaufungia kabatini anajua kabisa kuna kitu hakiko sawa.

Asubuhi moja Paskalina alimaliza uji wake, akaendesha programu ya kupanga alama, na alama zikajipanga vizuri kabisa. Hakufurahi. Akaandika LIST, akasoma mistari yake kutoka juu hadi chini, kidole kinacheza hewani mbele ya kioo.

"Mwalimu, debe la tatu limetoka wapi?"

"Debe gani?"

"Mstari wa mia na arobaini. Jana sikuuandika."

"Labda umesahau kwamba uliandika."

"Sikusahau. Niliuacha makusudi. Nilitaka nione kama utaingia wenyewe."

Wanafunzi wengine waliacha kuandika. Mimi nikaanza kueleza habari za mkono, kwamba mkono wake unachoka, na mimi nilikuwa tu narekebisha mkono.

"Mkono wangu unarudia herufi," akasema. "Haujawahi kusahau debe. Ni mangapi mengine, mwalimu?"

Ningekuwa na daftari ningelifungua. Sikuwa nalo. Nilikuwa nimerekebisha miezi mitatu ya kazi yake na sikuweza kumwonyesha hata kosa moja lilipokuwa.

"Sikumbuki," nikasema.

Akachukua fimbo yake. "Basi sijui kama najua," akasema.

Akaomba disketi yake, akaitia kwenye mfuko wa sweta. Kesho yake Mama Fausta alikuja peke yake kuniambia kwamba binti amerudi Endasak. Hakuniamkia vizuri siku hiyo, na nilistahili. Kamati ilipopata habari haikushangaa. Mjumbe mmoja akasema wamejaribu, na kuna kijana wa useremala anataka ile mashine. Wakanipa hadi mwisho wa mwezi niwe nimemrudisha.

Nilikaa wiki mbili nikiandaa maelezo. Yalikuwa marefu na mimi nilionekana vizuri ndani yake. Halafu nikapanda basi, nikabadilisha gari mara mbili, nikapanda mlima kwa miguu kati ya mahindi hadi kwao. Nilimkuta uani na mama yake wanachambua maharage kwenye ungo. Yeye alikuwa anayasukuma mabovu kwa ubavu wa kiganja, moja moja, hakuna aliyemharakisha.

Tuliamkiana. Mama yake akanipa kigoda na kikombe cha maziwa, akauliza habari za Mbulu, mvua, barabara, yote kwa utaratibu wake. Ndipo akasema, "Mwalimu, umekuja kumchukua au umekuja kumsikitikia? Maana kusikitikia tunao majirani."

Maelezo yangu yote yakanitoka. "Nimekuja kusema nimemkosea," nikasema. "Nimegusa kazi yake bila kumwambia. Nikasifiwa mimi, na kilicho chake sasa hajui ni kipi."

Mama akamtazama binti. Paskalina aliendelea na maharage.

"Mama, mwulize, angekuwa mwanafunzi mwingine, yule Damiano, angemrekebishia?"

Mama yake hakuhitaji kuniuliza, nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwao. "Hapana," nikasema. "Damiano ningemwachia akwame mpaka ajue."

"Basi na mimi niache nikwame," akasema.

Akatoa masharti, na alikuwa ameshayafikiria kwa wiki mbili. Disketi atalala nayo yeye. Ataanza upya kila kitu, tangu programu ya kwanza ya kuandika jina lake, ili aone kipi anakijua na kipi nilikuwa nakijua mimi. Na akiwa anaandika, mimi nikikaa karibu yake, niikalie mikono.

"Niikalie vipi?"

"Uiweke chini ya mapaja, mwalimu. Nataka niione haipo."

Mama yake akacheka hadi ungo ukatikisika. Nikakubali.

Aliporudi alifanya kama alivyosema. Nilikaa kwenye benchi pembeni yake nimeikalia mikono, mtu mzima, na wanafunzi walioingia mara ya kwanza walidhani nina ugonjwa. Makosa aliyoyafanya yalikuwa mengi na mengine yalinikosesha raha kabisa. Lakini niligundua kitu cha kunitia aibu: sehemu kubwa ya yale niliyokuwa nimemnyooshea, aliyaona mwenyewe ndani ya siku moja au mbili. Hakuwa anahitaji jicho langu. Alikuwa anahitaji muda, na muda ndio niliomnyima.

Wakati huo mkoa wetu ulikuwa umeshatengwa na Arusha, vichwa vya barua vyote vimebadilishwa, na kila ofisi ilitaka orodha safi kwa haraka. Mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Katesh akasikia tuna programu ya kupanga wanafunzi kwa alama. Akaandika kwamba atakuja kuiona, na ikifaa shule yake itaitumia. Kamati ikasema vizuri, hiyo ndiyo itakuwa siku ya kuamua kuhusu Paskalina. Wajumbe wawili wakaja kukaa kwenye viti vya mbele.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye koti lililombana. Alikuja na alama za darasa moja, wanafunzi arobaini. Programu ya Paskalina ilifanya kazi kwa namba za wanafunzi, na namba na alama zikajipanga sawasawa. Mimi nikaanza kupumua.

"Vizuri sana, binti," mkuu akasema. "Lakini mimi namba hizi sizijui. Najua majina. Weka na majina."

Hilo halikuwepo. Paskalina akasema ataliweka sasa hivi, kama mkuu ana subira. Akaandika mistari ya kusoma majina, kupitia bamba, tundu kwa tundu. Mama Fausta, aliyekuja kushuhudia, akamsaidia kusoma karatasi, na kuingiza majina arobaini kulituchukua hadi saa saba. Akaandika RUN, programu ianze.

Mkuu wa shule akainama kusoma, akaanza kucheka. "Huyu wa kwanza? Huyu hulala darasani tangu kidato cha kwanza! Na huyu wa mwisho ndiye kiranja wa taaluma."

Niliona kosa mara moja. Alama zilikuwa zinahama na namba zinahama, lakini majina yalikuwa yamekaa palepale yalipoingizwa. Hakuyawekea debe lao la tatu. Ilikuwa mistari mitatu tu. Mimi ningeiandika kabla mkuu hajamaliza kucheka.

Wajumbe wakanigeukia. "Mwalimu Boay," mmoja akasema, "si umsaidie? Mgeni ametoka mbali."

Mikono ilikuwa chini ya mapaja yangu na nilihisi vidole vinatafuta vitufe kwenye ubao wa benchi. Nilifikiria kiti chake kikipewa mtu wa useremala. Nilifikiria pia uani kule Endasak. Kumsaidia na kutomsaidia, kote kungeweza kumpoteza, na sikujua ni kupi. Nikamtazama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama kioo.

"Hajaniomba," nikasema.

"Msimsumbue mwalimu," Paskalina akasema bila kugeuka. "Amekaa."

Akaandika LIST. Akasoma kutoka juu. Kule nje jenereta ilikuwa inanguruma, na mimi ombi langu lilikuwa moja tu, isizime. Mjumbe wa pili alitazama saa yake mara mbili. Kisha Paskalina akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka alikoacha ufunguo.

"Mama Fausta," akasema, "nimehamisha mahindi, nimehamisha maharage, watu nimewaacha barabarani."

Shangazi hakuelewa kitu, lakini darasa nyuma likaguna kwa furaha. Akaanza kuandika. Mstari wa kwanza ulikataliwa, herufi zilikuwa mbili. Akauandika upya. Wa pili ukaingia. Wa tatu akaurudia mara tatu, mkono ukaanza kukaza, akaomba kikombe cha moto, akakishika muda mrefu mbele ya wajumbe wote bila haraka, akakirudisha, akaandika tena. Ilichukua karibu nusu saa. Hakuna nusu saa katika maisha yangu niliyofanya kazi ngumu kuliko ile, na nilikuwa nimekaa tu.

RUN.

Mkuu wa shule akasoma jina la kwanza kwa sauti. Akasoma la pili. Akashuka hadi chini kabisa. "Na mlalaji wetu yuko nyumbani kwake," akasema. Halafu akamgeukia Paskalina, mimi akanipita kama kabati. "Binti, hii unaniwekea kwenye disketi leo, na mwezi ujao uje uwafundishe walimu wangu."

Nilitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi yote miwili, nikashindwa hata kupiga makofi na wengine. Paskalina akaniona, akasema, "Mwalimu naye anahitaji uji." Walicheka. Mimi nilikuwa nimeinama najifanya nakanda vidole, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na sikutaka wajumbe waone. Kitu kilichonikaa kifuani tangu ile asubuhi ya debe kilishuka hapo, na hakijarudi.

Kijana wa useremala alipata mashine nyingine baadaye, na hakuipenda. Paskalina alikwenda Katesh, akafundisha, akarudi hapa kuwa mwalimu. Ninyi nyote amewafundisha yeye. Mnalijua lile neno lililobandikwa ukutani juu ya bamba la kwanza la plastiki: Uliza, halafu ngoja jibu. Watu wengi huuliza, wanaongojea ni wachache. Alipokuja yule mkulima wa Getanuwas aliyepoteza mikono kwenye mashine ya kusaga, nilikuwa nimeshakata kijiti cha kushika kwa meno, nimekisugua vizuri, tayari kumpa. Paskalina akanizuia mlangoni. Yule bwana akasema kijiti hakitaki, anataka kutumia kidole gumba cha mguu. Tukaishusha kibodi sakafuni. Kijiti kile nacho ninacho nyumbani, karibu na wenzo.

Bado nina majuto, msidhani nimeyamaliza. Kabla ya Paskalina walikuwepo wengine wawili ambao niliwanyooshea kazi zao vivyo hivyo, na hawakuwa wajanja wa kutega mtego. Waliondoka wakidhani wanajua. Sijui wako wapi. Mzee Idi naye alifariki kabla sijaenda kumwambia kwamba nilisahau somo lake la siku ya kwanza. Hayo nitabaki nayo.

Mwaka huu mikono yangu imeanza kutetemeka. Daktari anasema ni umri na kingine anachokitafuta. Kuandika kwa kalamu siwezi tena mtu akasoma, na kwenye kibodi herufi zinakuja mbili mbili. Nilipoanza kuandika karatasi hii nilikwama mstari wa kwanza, nikakaa nikitazama kioo. Paskalina aliniona kutoka mezani kwake.

"Nikusaidie, mwalimu?"

Akangoja. Alingoja kweli, huku bodaboda yake inapiga honi nje.

"Niletee bamba," nikasema.

Akalitoa ukutani, akalifunga juu ya kibodi yangu kwa zile skrubu nne, akabonyeza Shift mara tano, akavuta kiti nyuma yangu. Niligeuka nikamwona ameikalia mikono. Nimeandika hivi kwa siku tisa, kwa kikombe cha uji pembeni. Matundu yamenitosha, ingawa yalipimwa kwa kidole cha mtu mwingine.

Jana nilimuuliza kama ameona makosa. Akasema ameyaona mengi, na nikitaka atanitajia mistari. Nilimwambia asinitajie kwanza, nitasoma mwenyewe. Kwa hiyo yale mtakayoyakuta humu ni yangu, yote, hakuna mtu aliyeyagusa.